Fisi Aliyepewa Jina la Baba

Nyumba ya bluu, nyuma ya soko la mbao,
Jumatatu, tarehe 12, kabla sijaenda kazini.

Kwako mdogo wangu kipenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama, maana najua kazi hiyo ya kutunza wazee wa watu haikupi nafasi ya kukaa. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia unamwinua bibi mmoja mzito kuliko wewe, naye anakushukuru kwa kukukwaruza shingo. Usijifanye chuma. Omba wakupe mwenzako wa kushika upande wa pili, na wakikataa waambie una dada mwenye biashara anayetafuta msaidizi. Na kile kikohozi kimekwisha, au bado kinakuamsha?

Sisi huku wazima. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Sukari ya shemeji yako imeshuka, na tangu ishuke amekuwa msemaji sana. Paa tuliloliziba sebuleni sasa linavujia chumbani. Vyoo vya soko la samaki nimeviwekea vigae mpaka juu, na kuna wateja wanaovua viatu mlangoni. Nimewaambia wasivue, lakini moyoni nimefurahi.

Najua hukufungua barua hii ili usome habari za vigae. Unataka kujua kuhusu binti yako na yule kijana wa bustani ya wanyama. Ulinituma nikauone ukoo ule kwa macho yangu, ukasema nikikubali umekubali, nikikataa utalia lakini utakuwa upande wangu. Nimekwenda, na ni mwezi sasa. Kila ukipiga simu nakwambia tutaongea, nawe unadhani nakuficha jambo. Sikufichi. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja kitokee, na jana kimetokea, kwa hiyo leo nakuandikia yote.

Baba wa kijana ndiye mwenye bustani. Wote wanamwita Mkurugenzi, mkewe pia. Alitualika tushinde kwake Jumamosi nzima, tutazame wanyama, tucheze michezo yake ya kuruka na kuteleza, tule, tufahamiane. Tulikwenda mimi, binti yako, na kaka yetu, ambaye alimleta kitinda mimba wake. Shemeji yako alisingizia sukari.

Kabla sijaendelea, nikukumbushe pua yangu. Unajua nilikoanzia: ndoo moja, fagio la kuazima, na vyoo vya stendi ambavyo wanaume wazima walikuwa wakivipita mbio. Uchafu haunishtui. Uchafu ni kazi, ukija na maji unaondoka. Kinachonitia kinyaa mimi ni uchafu uliopakwa rangi. Na bustani ile, mdogo wangu, imepakwa rangi mpaka kwenye mawe.

Langoni kuna simba wa saruji mdomo wazi, na ndani ya mdomo mmejaa vijiti vya aiskrimu na nepi moja. Mkurugenzi alikuwa amesimama kando yake na shati la madoa ya chui na viatu vyeupe.

"Karibuni sana, wakwe zangu."

"Bado hatujawa wakwe," nikamwambia.

"Basi karibuni, wageni mnaokaribia kuwa wakwe," akasema, akacheka mwenyewe, akamaliza mwenyewe.

Nilianzia chooni, kama daktari anavyoanza na ulimi. Kwa hesabu yangu ya haraka mle bustanini mlikuwa na watu mia tatu, wengi wao watoto waliokunywa soda. Vyoo viwili. Kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Kingine hakina maji, lakini dirishani kuna ua la plastiki, na ua limepuliziwa manukato. Nilisimama pale nikalitazama ua lile mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama niko kwenye foleni.

Nikatembezwa. Bwawa la kuogelea ni la kijani, na si kijani cha rangi ya ukuta, ni kijani kinachosogea. Nyani walikuwa wanachezea chupa tupu ya dawa ya meno. Sungura wamo kwenye gari bovu lisilo na milango. Kila banda lina kibao cha shaba chenye jina la mtu, na chini yake aina ya mnyama. Kwa ngamia kimeandikwa Babu Kofia. Kwa mbuni, Mama Ushanga. Nikadhani ni majina ya watu waliochangia ujenzi, nikasema moyoni, masikini, walitoa pesa zao wakijua?

Kijana mwenyewe hakuwa pale mbele na sisi. Alitokea nyuma ya mabanda na mabuti ya mpira, amebeba ndoo mbili. Aliponiona aliweka ndoo chini, akaniamkia, na hakunipa kiganja, alinipa kifundo cha mkono, kwa sababu kiganja kilikuwa kichafu. Nilizitazama kucha zake. Zimekatwa fupi kama zangu. Hilo nililiweka pembeni, sikumwambia mtu.

Sasa nikueleze jinsi nyumba yetu ilivyoposwa, na uwe umekaa.

Kuna mnara wa mbao, na kutoka mnarani kuna waya uliovutwa juu ya bwawa mpaka ng'ambo. Mtu anafungwa mikanda, anateleza. Mkurugenzi akachukua kipaza sauti akatangaza kwamba wakwe wataanza. Kaka yetu unamjua. Akisikia kipaza sauti anadhani kinamwita. Nikamwambia, "Kaka, mwili huo waya haukuupangia." Akanijibu kwamba mimi ni mwoga tangu utoto, akapanda.

Alifika katikati akasimama. Waya ukalegea kama kamba ya kuanikia, naye akawa ananing'inia juu ya ule ukijani, tumbo nje, miguu ikitafuta mahali. Kiatu kimoja kikamtoka, maji yakakimeza bila hata kutoa sauti. Watu wakakusanyika. Mkurugenzi, kipaza sauti mdomoni, akaona amepata utani wa mwaka.

"Mkwe, tukuvute au tukuache?"

"Nivuteni."

"Kwanza tuambie, binti mmetupa?"

"Tumewapa. Vuteni."

"Wote mmekubali?"

"Wote. Na dada pia. Vuteni jamani, mikanda inanibana vibaya."

Watu wasiotujua wakapiga makofi na aiskrimu mikononi. Mkurugenzi akatangaza kwa bustani nzima kwamba wamekubaliwa. Binti yako alijifunika uso kwa mtandio. Kijana hakucheka. Alipanda ng'ambo ya pili, akatupa kamba, akamvuta mjomba wa watu taratibu mpaka akamshusha, akamfungua mikanda, akamwomba radhi. Kaka akasema mchezo ni mzuri.

Mimi nilikuwa nimeshashika mkoba niondoke. Lakini Mkurugenzi akasema sasa ni saa ya kulisha, na kuna heshima aliyotuandalia tukaione. Nikasema acha niione hiyo heshima, ili nikikueleza iwe kamili.

Akatupeleka kwenye banda la mwisho. Harufu ilitupokea mapema, kabla ya banda lenyewe kuonekana. Kulikuwa na pipa la matumbo yaliyolala tangu juzi, na nzi waliokuwa wameshiba mpaka hawaruki. Ndani ya banda, fisi. Si mkubwa, bado kijana, shingo nene, mgongo umeinama nyuma. Mzee mlishaji, kibogoyo wa mbele, akagonga ndoo kwa mwiko akaita:

"Pima Tena. Pima Tena, njoo ule."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya barafu kisogoni. Duniani humu nimemjua mtu mmoja tu aliyeitwa Pima Tena, nawe pia. Baba yetu. Seremala aliyewachosha wanafunzi wake kwa maneno hayo hayo mawili mpaka mtaa ukasahau jina alilozaliwa nalo. Baba aliyenitengenezea milango ya vyoo vyangu vya kwanza bila kunicheka, siku ambazo kaka alikuwa akinikana njiani. Alipima mlango, akapima tena, akaniuliza kama nimemfikiria mtu mfupi atakayeshindwa kufikia kitasa.

Na kibao kikasema hivyo hivyo, kwa shaba, kwa herufi kubwa: PIMA TENA. Chini yake: FISI.

Mnyama akaja mbio akatia pua kwenye matumbo. Kitinda mimba wa kaka akavuta suruali ya baba yake.

"Baba, yule ndiye babu?"

"Nyamaza wewe."

"Babu ananuka."

Kaka yetu, na mguu mmoja peku, alicheka. Kisha akaomba apigwe picha karibu na kibao. Kwa matumbo yale sikutapika, mdogo wangu, lakini kwa picha ile nilikaribia.

Nikamgeukia Mkurugenzi. "Nani amempa mnyama huyu jina hilo?"

"Mimi mwenyewe," akasema, kifua mbele. "Binti yenu alipokuja hapa mara ya kwanza nilimuuliza, kwenu ni nani mnayemheshimu kupita wote? Akanisimulia habari za babu yake mpaka nikatoa leso. Wiki ile ile nikaletewa huyu, mdogo, macho hayajakaa sawa. Amenyweshwa maziwa jikoni kwangu. Nikasema, huyu ndiye."

"Fisi."

"Ndiye mnyama wangu bora. Wageni wote wanakuja kumwona yeye."

"Kama hiyo ni heshima, mbona hukumpa jina la baba yako mwenyewe?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Baba yangu ni yule ngamia."

Mkewe, aliyekuwa nyuma yetu muda wote na shanga zake shingoni, akasema bila kuinua macho, "Na mimi ni mbuni. Afadhali ninyi mmepewa mwenye meno."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ningekuwa nimekutana na mtu mbaya, ningejua la kufanya. Mtu mbaya unamtukana, unakwenda zako. Huyu si mbaya. Huyu ni mjinga mwenye moyo mkubwa, na ujinga wake unanuka mpaka barabarani. Nilimwonea kinyaa, nikalionea kinyaa shati lake la chui, nikalionea kinyaa lile ua la plastiki kule chooni, kwa sababu niliona ni kitu kile kile.

"Kitoe hicho kibao," nikasema.

"Lakini mmeshakubali. Bustani nzima imesikia."

"Aliyekubali alikuwa ananing'inia kama suruali kambani. Alipokanyaga ardhi maneno yale yalibaki juu."

Kaka akavimba. "Mimi ndiye mwanamume wa nyumba yetu."

"Vaa kiatu kwanza," nikamwambia, "halafu tuzungumze habari za wanaume."

Binti yako alikuwa analia kimya kimya. Akasema, "Mama mkubwa, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemsimulia. Ukisema hapana, basi ni hapana, sitakulaumu." Na alivyosema, nilijua anamaanisha. Neno moja langu pale, na mambo yao yote yangekwisha mbele ya pipa la matumbo. Nikuambie ukweli, neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Kijana ndiye aliyenizuia. Alitoa bisibisi mfukoni, akapanda kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kufungua skrubu. Baba yake akamwambia, "Unanivunjia heshima mbele ya wageni." Akajibu, "Baba, ni baba yao huyu," akaendelea kufungua. Kibao kikatoka. Akakifuta kwa upande wa ndani wa shati lake, upande msafi, akanipa kwa mikono miwili.

"Kibao hiki hapa, Mama mkubwa. Lakini sitaki uondoke hapa umedanganyika. Jina limeshamwingia. Ukimwita kwa lingine haji, na asipokuja hali."

Mzee mlishaji akajaribu ili nione. Akagonga ndoo akaita Shujaa, akaita Jemedari, akaita Bwana Mkubwa. Fisi akalala chini, kidevu juu ya miguu, akatutazama kama watu waliopotea njia.

Nilikigeuza kibao mkononi. Jina la kumpa mnyama yule lilitakiwa liwe la mtu ambaye hatachafuka zaidi. Nikawatazama wote pale, nikaona ni mmoja tu.

"Mpeni langu," nikasema.

"Lipi, Mama mkubwa?"

"Mama Vyoo. Waliolianzisha walikuwa wananicheka, sasa wengine wao nawaajiri. Halinichubui tena." Kisha nikamnyooshea kijana kidole, yeye, si baba yake. "Siku mnyama huyu atakapoacha kuitikia jina la baba yangu akaja kwa langu, ndipo wazee wetu watakuja kukaa nanyi. Kabla ya hapo hakuna binti aliyetolewa, awe ametangazwa au hajatangazwa. Na vyoo vile viwe na maji. Na lile ua litoke."

Unajua Mkurugenzi alifanya nini? Alilia. Akasema hajawahi kupewa heshima kama hiyo na mkwe yeyote, akanikumbatia na lile shati, akaniuliza kama kibao kipya ningependa cha dhahabu. Nikamwambia akithubutu kuweka kibao nitamlisha hicho hicho. Kwenye chakula sikugusa kitu. Kuku walikuwa wameletwa kwenye meza iliyo upande unaopigwa na upepo kutoka kwa nyani. Kaka alikula sehemu yake na yangu, na nyingine akafunga.

Tangu siku ile kaka hanisalimii vizuri. Anasema nimemdhalilisha. Nimemnunulia viatu.

Binti yako naye amekuwa akirudi jioni anafua nguo kabla hajasalimia, na mimi na pua yangu nimejua anakotoka. Usiku mmoja nilimsikia bafuni akiita "Mama Vyoo, Mama Vyoo" kwa sauti laini, anafanya mazoezi. Nikaitika, "Naam." Akacheka mpaka shemeji yako akaamka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu uondoke.

Kijana amefungua kile choo kilichofungwa kwa kamba, amevuta bomba kwa mkono wake. Nilikwenda bila kutangaza, nikafungua mfereji. Maji yapo, yanatoka kwa nguvu ndogo, lakini yapo. Ua halipo. Harufu ya fisi ipo pale pale, na bwawa ni la kijani vile vile. Mkurugenzi amenunua tai, akampa jina la shangazi yake.

Kibao cha shaba nilikuja nacho nyumbani. Nimelikwangua lile neno la chini mpaka likafutika, nikakipigilia kwenye mlango wa kwanza alionitengenezea baba, pale stendi. Wateja wananiuliza Pima Tena ni nani, na wakiwa hawana haraka nawaeleza.

Jana jioni simu ikalia, kijana. Akasema, "Mama mkubwa, usikate, sikiliza." Nikasikia ndoo ikigongwa. Akaita jina la baba, mara moja, taratibu, na hakukuwa na kitu, upepo tu na nyani wakigombana kwa mbali. Kisha akaita langu. Nikasikia miguu ikija mbio kwenye changarawe, halafu mifupa ikivunjwa.

Nilikunja uso peke yangu jikoni. Nikamwambia, "Sawa, mwanangu," nikaweka simu chini, nikanawa mikono bila sababu.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo. Ukoo unanitia kichefuchefu, na siku ya kwenda kukaa nao nitabeba sabuni yangu na maji yangu ya kunywa. Lakini kijana namkubali, na wazee watakwenda. Watakaa chini, kwenye viti, wataongea wakiwa wamekanyaga ardhi. Omba likizo mapema, usije ukafika mwisho na sanduku barazani. Mwanao hatavalishwa na mimi wakati mama yake yupo.

Nisalimie yule mwenzako wa chumbani anayekusukia nywele, na bibi yule wa kukwaruza shingo, mwambie namtakia kucha fupi. Shemeji yako anakusalimu, kaka anakusalimu ingawa hakuniambia nikwambie, na kitinda mimba wake anauliza shangazi analetaje zawadi kutoka mbali hivyo. Mungu akulinde mgongo na moyo, akufikishe kwetu ukiwa mzima na mwenye usingizi wa kutosha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nikubebe mgongoni,

Mama Vyoo
(yule wa miguu miwili)